Maji ya asidi katika vidimbwi vya samaki: tuyatambue na tuyatengeneze kabla ya mvua



Katika vikundi tunavyotembelea upande wa Kamina, kuna ulizo moja ambalo linarudi kila mara: «Tulichimba kidimbwi vizuri, tukaweka komposti, tukatia watoto wa samaki, tukangojea miezi sita. Mbona wakati wa kuvua tunapata samaki wa kidole tu?» Wengine wanasema mbegu ilikuwa mbaya. Wengine wanasema ni kukosa chakula. Na wengine wanaanza kutazamana kwa macho mabaya, juu kila mtu anafikiri mwenzake alivua usiku.

Mara mingi jibu liko ndani ya maji yenyewe. Maji yana asidi mingi, maana yake pH yake iko chini. Ndani ya maji ya namna hiyo komposti haifanyi kazi, chakula hakisaidii sana, na samaki hawakui hata ukiwalisha kila siku.

Hasara yake si kidogo. Kidimbwi kimoja kinakula siku nyingi za jembe, franka za watoto wa samaki, na pumba ya mahindi ambayo ingelisha kuku. Na sisi hapa Katoto tuko mbali na maji makubwa. Samaki wengi wa soko la Kamina wanatoka Bukama, Kinkondja na Malemba-Nkulu, wakiwa wamekaushwa ao wametiwa chumvi, ao wanatoka ng'ambo ndani ya frigo. Kila familia inayovua samaki mzima nyumbani inaponya franka zake. Kwa hiyo tunaeleza hapa namna ya kutambua maji ya asidi, kuyapima, na kuyatengeneza kwa chokaa, hesabu kwa hesabu.

pH ni kitu gani?

pH (wengi wanasema «pe-ashi») ni kipimo cha kuonyesha kama maji yana asidi ao hapana. Kinaanza 0 mpaka 14. Katikati ni 7: hapo maji hayaegemei upande wowote. Chini ya 7 ni asidi, sawa maji ya ndimu. Juu ya 7 ni upande wa majivu na sabuni.

Angalisho: hatua moja ya pH si kitu kidogo. Maji ya pH 5 yana asidi mara 10 kuliko maji ya pH 6, na mara 100 kuliko maji ya pH 7. Kwa hiyo mtu akisema «yetu ni 5, ya jirani ni 7, tofauti ni mbili tu», ajue ile mbili ni kubwa sana.

Kwa tilapia na kambale tunaoshika hapa, hesabu iko hivi:

- pH 6,5 mpaka 9: samaki wanaishi vizuri na wanakua.
- pH 5 mpaka 6,5: wanaishi, lakini wanakua polepole.
- pH 4 mpaka 5: hawazai, wanakonda, wanashikwa na ugonjwa upesi.
- Chini ya 4: wanakufa.
- Juu ya 11: wanakufa pia. Ndiyo maana chokaa si kitu cha kumwaga bila kupima.

Kwa nini maji yetu yanakuwa na asidi?

Sababu ya kwanza ni udongo. Udongo mwekundu wa huku kwetu ni mzee sana. Mvua imeuosha kwa maelfu ya miaka na kuondoa chokaa yake ya asili. Kilichobaki ni chuma na aluminiamu. Maji yanayopita katika udongo wa namna hiyo hayapati kitu cha kupunguza asidi.

Sababu ya pili ni fasi tunapochimba. Tunapenda kuchimba ndani ya mabonde yenye majani na maji ya kudumu, yale watu wengi wanaita dembo, juu maji ni karibu. Lakini huko majani yameoza miaka mingi bila hewa, na yale maji meusi yenye rangi ya chai yamejaa asidi ya majani.

Sababu ya tatu ni kazi yetu wenyewe: majani ya miti yanayoanguka ndani ya kidimbwi, komposti nyingi kupita kiasi, na chakula kinachobaki bila kuliwa. Vyote vinaoza na kuleta asidi chini.

Kule kwenye bahari mambo ni mengine. Maji ya bahari yana pH ya karibu 8,1, na yamejaa chumvi za aina ya bikarbonati zinazozuia asidi. Wafugaji wa mwatiko wa Zanzibar na wa pwani ya Kenya, wanaotumia maji ya chumvi, hawana shida hii kila siku. Lakini hata wao wanaipata wakichimba vidimbwi ndani ya udongo wa mikoko: ule udongo ukikauka na kupata hewa, unatoa asidi kali, na mvua ya kwanza inaisukuma yote ndani ya maji. Kumbe hata mwenye bahari anatazama kwanza udongo. Sisi ambao maji yetu hayana akiba yoyote ya chokaa tunapaswa kuutazama mara mbili.

Tena si shida ya leo. Miaka ya 1950 kituo cha Kipopo, karibu na Lubumbashi, kilikuwa kinachunguza ufugaji wa tilapia katika vidimbwi, na vidimbwi vingi sana vilichimbwa katika Kongo yote kabla ya uhuru wa 1960. Vingi viliachwa vikaota majani. Sababu zilikuwa mingi, lakini moja watu wa zamani wanaijua vizuri: samaki walikuwa wadogo, na watu wakachoka.

Kwa nini komposti haifanyi kazi?

Tilapia anakula vimelea vya kijani vilivyo ndani ya maji. Hivyo ndivyo vinafanya maji kuwa ya kijani. Komposti na mbolea ya wanyama ni chakula cha vile vimelea.

Maji yakiwa na asidi, vitu viwili vinatokea. Kwanza, vidudu vidogo vinavyoozesha komposti vinafanya kazi polepole, na komposti inakaa pale kama vile uliiweka jana. Pili, fosfori, ambayo vimelea vinaihitaji sana, inashikwa na chuma na aluminiamu ya udongo, inafungwa chini ya matope. Unaongeza mbolea, udongo unaimeza. Ni sawa kuweka makuta ndani ya mfuko wenye tundu.

Chokaa inaziba lile tundu. Chokaa si chakula cha samaki na si mbolea. Inafungua njia ili mbolea ifanye kazi. Mtu anayetia chokaa bila mbolea atapata kidogo; anayetia mbolea bila chokaa katika udongo wa asidi atapata kidogo pia.

Alama za kutazama kwa macho

- Umeweka komposti wiki tatu, na maji bado ni meupe, unaona chini kabisa.
- Maji yana rangi ya chai.
- Kuna utando mwekundu wa chuma fasi maji yanapoingia.
- Samaki ni wachache, wamekonda, na hauoni watoto wao pembeni.

Hapa tusichanganye mambo. Kama kidimbwi kimejaa watoto wa samaki, maelfu, na wote ni wadogo, ile si asidi. Ni tilapia waliozaa kupita kiasi na wanagombania chakula. Dawa yake ni kupunguza watoto ao kuweka kambale wachache wa kuwala, si chokaa. Na kama samaki wanapanda juu asubuhi sana, wanafungua midomo kutafuta hewa, ile ni kukosa hewa ndani ya maji. Ingiza maji mapya na simamisha komposti kwanza.

Kwa kujua kama maji ni ya kijani sawasawa, ingiza mkono mpaka kiwiko, kiganja kikiwa kimekunjwa na kutazama juu. Kama kiganja kinapotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, maji ni mazuri. Kama unahesabu vidole vyote, chakula ni kidogo.

Kupima

Macho yanasaidia, lakini chokaa inanunuliwa kwa kipimo. Karatasi ya pH ni kitu kidogo, na paketi moja inatosha vidimbwi vyote vya kikundi. Haifai kila mtu anunue yake. Mnunue moja, iwekwe kwa sekretere, ndani ya mfuko usiopitisha maji, fasi ya kivuli. Ikilowa imeharibika.

*Maji:* pima mara mbili kwa siku moja, saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa mchana. Usiku samaki na vimelea vinapumua na kutoa gesi inayoshusha pH. Mchana jua linafanya vimelea vile vile viitumie, na pH inapanda. Mtu anayepima mchana tu anaweza kuona 7 na kufurahi, kumbe asubuhi ilikuwa 5,5.

*Matope:* hii ndiyo inaonyesha kiasi cha chokaa. Kidimbwi kikiwa kimekauka, chukua matope kidogo kwa fasi kumi mbalimbali, pande zote na katikati. Changanya, anika kwa kivuli, twanga yawe unga. Chukua kikombe kimoja cha ule unga na kikombe kimoja cha maji safi ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja ndani ya ndoo ya plastiki. Koroga nusu saa. Acha yatulie, kisha ingiza karatasi katika maji ya juu, linganisha rangi.

Wengine wametuuliza kama maji ya maua mekundu ya ngai-ngai yanaweza kusaidia. Ndiyo, kidogo: yanabaki mekundu ndani ya asidi, na yanageuka upande wa zambarau na kijani ndani ya maji ya majivu. Ni nzuri kwa kufundisha watoto wa masomo. Lakini haiwezi kutofautisha 5,5 na 6,5 sawasawa, na sisi tunahitaji ile tofauti.

Chokaa gani?

Kuna aina tatu, na hazina nguvu sawa:

1. Jiwe la chokaa lililosagwa, ao chokaa ya shamba. Ni ya polepole na haina hatari. Hata ukizidisha, haiwezi kupandisha pH ya maji sana kupita 8,3.
2. Chokaa iliyozimwa, ile ya mafundi wa nyumba. Ni kali kuliko ya kwanza.
3. Chokaa ya moto, ambayo haijazimwa. Ukiimwagia maji inachemka. Ni kali sana, inaunguza ngozi na macho.

Kwa kazi ile ile, kilo 100 za jiwe lililosagwa ni sawa na kilo 74 za chokaa iliyozimwa, ao kilo 56 za chokaa ya moto. Muuzaji anapotaja bei ya mfuko, uliza kwanza ni ya aina gani, halafu fanya hesabu hii. Mfuko wa bei ndogo unaweza kuwa ndio wa gali.

Mawe ya chokaa hayakosekani katika Katanga. Yanachimbwa Kakontwe, karibu na Likasi, tangu zamani, na Lubudi, kwenye njia ya reli inayokuja huku kwetu, wako nayo pia. Shida ni kusafirisha. Ndiyo maana tunasema chokaa ni kazi ya koperative, si ya mtu mmoja.

Tena muwe macho. Si kila kitu cheupe ni chokaa. Pemba, ule udongo mweupe ambao wazee wetu Waluba wanaujua kwa mambo ya desturi, si chokaa na haisaidii kidimbwi. Simenti pia hapana, wala rangi ya ukuta. Kwa jiwe lililosagwa, jaribu hivi: weka kijiko kimoja juu ya sahani, dondoshea ndimu ao siki. Ikitoa mapovu na kulia «tsss», ni chokaa. Ikikaa kimya, usitoe franka. Chokaa ya moto unaijua kwa maji: weka kidogo, inapata moto. Ile iliyozimwa haitoi mapovu mengi wala moto, lakini maji yake yanapandisha karatasi ya pH juu sana.

Kiasi gani?

Hesabu hii ni ya jiwe lililosagwa, kwa ari moja, ni kusema metre 10 kwa 10:

- Matope ya pH 6 mpaka 6,5: kilo 18, udongo wowote.
- pH 5,5 mpaka 6: kilo 36 kwa udongo wa mfinyanzi, kilo 18 kwa udongo wenye mchanga.
- pH 5 mpaka 5,5: kilo 54 kwa mfinyanzi, kilo 36 kwa wenye mchanga.
- pH 4,5 mpaka 5: kilo 90 kwa mfinyanzi, kilo 45 kwa wenye mchanga.

Udongo wa mfinyanzi unakula chokaa mingi juu unaficha asidi mingi ndani yake.

Mfano: kidimbwi cha metre 20 kwa 10 ni ari 2. Udongo ni mfinyanzi, pH ya matope ni 5,3. Tunachukua 54 mara 2: ni kilo 108 za jiwe lililosagwa, mifuko miwili ya kilo 50 na kidogo. Kama mumepata chokaa iliyozimwa, ni kilo 80. Kama ni ya moto, ni kilo 60.

Hii ni kwa mara ya kwanza. Miaka inayofuata, kila ukikausha kidimbwi, pima tena. Mara mingi robo ya kiasi cha kwanza inatosha.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Wakati mzuri ni mwisho wa kiangazi, mwezi wa nane na wa tisa, kabla mvua haijaanza mwezi wa kumi.

1. Toa maji yote. Toa matope meusi yanayonuka, yapeleke kwa shamba la mboga. Kata majani, tengeneza kingo.
2. Acha chini kukauke, lakini si kabisa. Chokaa inafanya kazi vizuri juu ya udongo wenye unyevu.
3. Mwaga chokaa sawasawa chini pote, na pia kwa upande wa ndani wa kingo. Kingo ndizo zinaleta asidi kila mvua inaponyesha. Watu wengi wanazisahau.
4. Lima kidogo na jembe, kina cha vidole vinne, ili ichanganyike.
5. Ingiza maji polepole. Ngojea wiki mbili.
6. Pima maji asubuhi. Kama ni 6,5 ao zaidi, na haipiti 9, weka komposti na mbolea ya wanyama. Usiweke mbolea siku moja na chokaa: chokaa inafukuza azoti ya mbolea hewani, utasikia harufu yake, na ile harufu ni franka zako zinazoondoka.
7. Maji yakishakuwa ya kijani, fanya jaribio la mkono. Sasa ndipo utatia watoto wa samaki.
8. Siku ya kuwatia, usiwamwage mara moja. Weka ndoo yao ndani ya kidimbwi, ongeza maji ya kidimbwi kidogo kidogo kwa dakika 20. Samaki akiruka kutoka pH moja kwenda nyingine mbali, anaweza kufa hata kama maji yote mawili ni mazuri.

Kwa chokaa ya moto na ile iliyozimwa: funga kitambaa kwa mdomo na pua, vaa miwani kama iko, vaa nguo ya mikono mirefu. Simama upepo ukiwa nyuma yako. Watoto wakae mbali. Ikiingia katika jicho, osha na maji safi mengi kwa muda mrefu na enda kwa kituo cha afya. Mifuko iwekwe fasi isiyovuja.

Maji yasitembee

Hapa tuna neno ambalo wengi hawalipendi. Watu wa huku wanapenda kidimbwi ambacho maji yanaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine mchana na usiku. Wanasema ndiyo maji safi. Lakini maji yanayotembea yanabeba chokaa, yanabeba mbolea, na yanaleta asidi mpya ya dembo kila saa. Kilo 108 ulizonunua zitafika kwa mto kabla ya mwezi kuisha.

Kidimbwi cha tilapia kinajazwa, halafu kinafungwa. Unafungua tu kwa kurudisha maji yaliyopungua kwa jua na kwa kuvuja, ao siku samaki wanakosa hewa. Chimba mfereji wa kuzunguka kidimbwi ili maji ya mvua kutoka mlimani yapite pembeni. Kama hauwezi kufunga maji, usinunue chokaa kwanza. Anza na mfereji.

Kama samaki wako tayari ndani

Tumia jiwe lililosagwa tu. Gawa kiasi katika mafungu manne, mwaga fungu moja kila wiki juu ya maji pote, na pima asubuhi kabla ya kila fungu. Chokaa ya moto na ile iliyozimwa hapana: zinaweza kupandisha pH kwa saa chache na kuua samaki wote. Sababu ingine ni amonia inayotoka katika uchafu wa samaki. Katika maji ya joto kama yetu, kwa pH 7 sehemu yake yenye sumu haifiki 1 kwa 100. Kwa pH 9 inapita 30 kwa 100. Ndiyo maana tunapandisha polepole.

Majivu na udongo wa kichuguu

Majivu ya kuni yanapunguza asidi kweli, na yako bure. Lakini nguvu yake ni ndogo kuliko ya chokaa na inabadilika kufuatana na mti. Kama ndiyo uko nayo tu, hesabu kilo 2 mpaka 3 za majivu fasi ya kilo moja ya jiwe lililosagwa, halafu pima. Yawe makavu, yamechujwa, hayajanyeshewa na mvua. Yatiwe katika kidimbwi kikavu, si juu ya samaki. Usitie majivu ya plastiki ao ya takataka. Hata kama hayatoshi, kilo 10 za majivu ni bora kuliko kukosa yote.

Udongo wa kichuguu kikubwa wakulima wanaujua: mtama na mboga vinapendeza juu yake, na kweli unakuwa na chokaa kuliko udongo wa pembeni. Ni mzuri kwa kujenga kingo na kuziba fasi inayovuja. Lakini hauwezi kushika nafasi ya chokaa. Maganda ya konokono yakitwangwa yanasaidia pia, polepole.

Kwa wenye mabeseni ya simenti ao ya bashi

Wengine ndani ya muji wanafuga kambale katika beseni. Hapa shida inakuja kwa njia mbili.

Beseni mpya ya simenti inafanya kinyume: simenti inapandisha pH sana, samaki wanaungua. Jaza maji, acha wiki moja, mwaga, rudia mara mbili ao tatu, na pima. Usitie samaki kabla haijashuka chini ya 9.

Kiisha, wakati kambale ni wengi na wanakula sana, pH inaanza kushuka wiki kwa wiki. Vidudu vinavyogeuza amonia vinakula akiba ya chokaa ya maji: kila gramu moja ya azoti ya amonia inamaliza karibu gramu 7 za chokaa. Dawa ya kwanza ni kupunguza chakula na kubadilisha sehemu ya maji. Ya pili ni kutundika ndani ya maji mfuko wa mawe madogo ya chokaa ao maganda. Ya tatu, kama pH iko chini ya 6, ni bikarbonati ya soda, ile mama anaweka ndani ya maharagi: gramu 80 kwa litre 1000 za maji, iyeyushwe kwanza katika ndoo, halafu pima kesho yake.

Maneno ya kuleta kwa mkutano wa koperative

Kabla ya mwezi wa nane kuisha, tunaomba kila kikundi kikae na kukata maneno haya:

- Ni vidimbwi vingapi vitakaushwa mwaka huu, na kila kimoja ni ari ngapi? Pimeni na kamba, msikadirie kwa macho.
- Nani anashika karatasi ya pH, na nani anaandika namba katika kayee? Andikeni tarehe, saa, pH ya maji, pH ya matope.
- Chokaa yote ya kikundi ni kilo ngapi? Jumlisheni, kisha agizeni pamoja, mzigo mmoja. Bei ya usafiri ikigawanywa kwa watu 15 inabebeka.
- Kama franka hazitoshi kwa vidimbwi vyote, chagueni viwili na mviweke chokaa kamili. Kutia kidogo kidogo pote ni kupoteza pote.
- Kidimbwi kimoja kiachwe bila chokaa, lakini kipate mbolea ile ile, samaki idadi ile ile, siku ile ile. Siku ya kuvua, pimeni samaki kwa kilo mbele ya wanamemba wote.

Hili la mwisho tunalikazia. Tunaweza kuandika kurasa nyingi juu ya chokaa, lakini mwanamemba mwenye kushuku atasadiki mizani. Tena ataamini namba zilizotoka Katoto kuliko zetu. Kayee ya kidimbwi ikiandikwa vizuri mwaka mmoja, mwaka wa pili hakuna atakayemshuku jirani kwamba alivua usiku.

Agronomu na moniteri wa sekta wanaweza kuja kusaidia kupima mara ya kwanza. Waiteni mapema, kabla barabara haijaharibika na mvua. Na mkiwa mumevua, tuleteeni zile namba, za vidimbwi vilivyopata chokaa na za kile kilichokosa, ili vikundi vingine vizisome katika matoleo yanayokuja.